Bi Nukta na Mashine Iliyodai Hodi

Dada yangu alisahihisha maandishi ya watu kwa miaka ishirini na saba katika kiwanda cha uchapaji, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Nukta. Kalenda, vitabu vya shule, kadi za harusi, matangazo ya vifo, kila kitu kilipita mezani kwake kabla ya kwenda mtamboni, na kilichokuja bila nukta kiliondoka na nukta. Aliwahi kuzuia kadi mia tatu za harusi kwa sababu jina la bwana harusi lilikuwa limezidi herufi moja. Bibi harusi alipomjia juu, dada alimwuliza kwa upole kama alitaka kuolewa na huyu au na yule mwenye herufi ya ziada.

Kisha kiwanda kikanunua programu ya kusahihisha, na dada akapewa saa ya ukutani na barua ya shukrani. Barua ilikuwa na makosa mawili. Aliyapigia mstari, akairudisha kwa meneja, akaenda zake nyumbani.

Tunaishi pamoja, mimi na yeye. Mimi ni msusi, sebule ya mbele ndiyo saluni yangu, kwa hiyo nilikuwepo alipoingia na ile saa kwapani. Nilidhani atalia. Badala yake alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo, akasema anataka kujua hiyo programu iliyomfukuza inafanyaje kazi. Si kwamba alitaka kazi nyingine. Alitaka kuifahamu ili aidharau vizuri.

Basi akajiandikisha kozi ya kompyuta, akiwa na miaka hamsini na minne, darasani na mabinti ambao mimi nilikuwa nimewasuka tangu wakiwa shule ya chekechea. Miezi ya kwanza alirudi amekunja sura. Halafu siku moja alirudi akitembea kama mtu aliyeambiwa siri, akanifuata hadi kwenye beseni la vyombo, na kuanzia siku hiyo sikuwa na raha. Nilielezwa jambo moja asubuhi, nikaelezwa tena jioni, mpaka leo naweza kukueleza hata wewe bila kusoma popote.

Ni hivi. Mtu anapoiandikia mashine maagizo, mashine haioni maneno. Inaona msururu wa herufi tu, kama treni ndefu isiyo na milango. Kwa hiyo programu inayotafsiri maagizo hayo inahitaji kwanza kitu cha kukata ule msururu: hili ni neno, hii ni namba, hii ni nukta, hii nafasi itupe. Dada alikiita kikata-maneno. Sasa watu wengi huketi na kukiandika kikata-maneno chao herufi kwa herufi, wakateseka. Kumbe kuna chombo cha kukuandikia. Wewe unakipa karatasi ya kanuni tu. Upande wa kushoto unaandika neno lina sura gani, upande wa kulia unaandika ukikutana nalo lifanywe nini. Chombo kinasoma karatasi yako, halafu chenyewe kinazalisha kikata-maneno kizima, maelfu ya mistari ambayo hakuna binadamu anayehitaji kuisoma.

"Unaona?" aliniambia, mikono yangu ikiwa imejaa povu. "Hii ndiyo kazi yangu ya miaka yote. Ila sasa naandika kanuni, na mwingine ndiye anayeumwa macho."

Kuidharau akasahau.

Kozi ilipoisha alipata kazi ya kuchapa maagizo katika karakana ya mapazia na sare, mtaa wa pili kutoka kwetu. Karakana ilikuwa imenunua mashine kubwa ya kukatia vitambaa, iliyokwisha kutumika kwingine, yenye meza ndefu kama kitanda cha watu sita na kisu kinachotembea juu ya reli. Mwenye karakana alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja, hakujua kuingia mahali. Alifungua mlango kwa bega, akamwinua mtu kitini akiwa katikati ya neno, akachapa alichotaka, akatoka na kuacha mlango wazi. Wafanyakazi walimwita Bwana Upepo, kisogoni.

Mashine ilikuwa chini ya mpwa wake, ambaye kila mtu alimwita Injinia. Kijana mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa ameandika kikata-maneno cha ile mashine kwa mkono wake, mistari elfu nne, na alikuwa akikiogopa kuliko mtu mwingine yeyote. Ukimwomba aongeze neno moja, alijibu itachukua wiki mbili, kwa sababu alijua akigusa hapa, kule kutaporomoka. Na maneno yenyewe hayakuwa maneno. Yalikuwa vifupisho vya herufi mbili na namba tatu, na aliyetakiwa kuvikariri alikuwa Fundi Mkuu, mzee aliyekata vitambaa kwa mkasi miaka thelathini na ambaye alisema waziwazi kwamba hawezi kuanza kuongea kama namba za magari.

Dada na Fundi Mkuu wakapatana. Injinia alipokwenda mafunzo ya mwezi mzima, dada alianza kubaki ofisini saa ya chakula cha mchana. Alimwuliza Fundi Mkuu yeye angependa kuiambia nini mashine. Mzee alijibu kwamba angeiambia vile anavyomwambia mtu: kata, pinda, rudi, simama. Na vipande vingeitwa kwa majina yao, kwa herufi kubwa mwanzoni, Pazia, Kola, Mkono. Dada akaandika karatasi ya kanuni. Haikufika kurasa mbili. Akakipa chombo, chombo kikazalisha kikata-maneno, akakifunga kwenye mashine na kile cha Injinia akakihamishia pembeni kwa heshima zote, bila kukifuta. Kesho yake Fundi Mkuu akaandika "kata Pazia 12" kwa vidole viwili, mashine ikakata mapazia kumi na mawili, na mzee akaenda kunawa uso.

Hapo dada angeweza kusema. Mimi nilimwambia aseme. Yeye alinijibu kwamba hajaulizwa.

Injinia aliporudi, alikuta wote wanadhani maneno mapya ni yake. Bwana Upepo alimtaka aongeze neno la kufunga mikunjo, naye akajibu kama kawaida, wiki mbili. Dada alisikia, akangoja aende kunywa chai, akaongeza mstari mmoja. Mchana neno likafanya kazi. Bwana Upepo akampigapiga mpwa wake mgongoni mbele ya washonaji wote, akasema mafunzo yamemkomaza. Injinia akashukuru. Dada anasema uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi ya jirani kwa makosa, anajua si yake, lakini imefungwa vizuri.

Ikawa mchezo. Neno likiombwa asubuhi, linapatikana kabla ya saa nane. Injinia akawa anafungua mistari yake elfu nne kwa siri, analitafuta lile neno, halioni, anaufunga ukurasa na kukaa ameshika tama. Sifa zilizidi kumwagika. Kadiri zilivyomwagika ndivyo kijana alivyokonda.

Wakati huohuo Bwana Upepo aliendelea kumwinua dada kitini. Mara ya tano, dada alikuja nyumbani akaketi mezani na kipande cha karatasi, akawa anacheka peke yake. Nilimwuliza kuna nini, akasema anafundisha adabu. Alikuwa ameongeza kanuni moja juu kabisa: maagizo yoyote yasianze kusomwa mpaka kwanza lionekane neno "hodi". Likionekana, skrini ijibu "Karibu ndani." Lisipoonekana, mashine isifanye lolote ila kuandika "Hodi haijasikika."

Fundi Mkuu alinong'onezwa, akakubali papo hapo. Bwana Upepo hakunong'onezwa. Siku ya pili aliingia kwa bega, akamwinua dada, akachapa, na skrini ikamwambia hodi haijasikika. Akachapa tena kwa nguvu zaidi. Ikamwambia vilevile. Alipotoka, dada akaketi na mashine ikafanya kazi kama haina hili wala lile. Kwa wiki tatu yule bwana aliamini kwamba mashine yake mwenyewe inamchukia. Mwishowe alimwuliza mpwa wake maana ya maneno yale, na Injinia, ambaye hakuwa na habari yoyote lakini alikwisha kuzoea kujibu, akasema ni mambo ya usalama.

Sasa sikiliza lililotokea.

Hospitali moja ilitaka mapazia ya vitanda, na matroni akaja mwenyewe na wenzake wawili kuona kazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye saa iliyobandikwa kifuani, na alikuja na jora lake la kitambaa chepesi cha kijani ili wakatiwe mfano machoni pake. Bwana Upepo aliwapanga wageni mbele ya mashine, akawaambia kwamba ina ulinzi wa hali ya juu, wala mtu wa nje hawezi kuifungua, akamwita mpwa wake aifungue.

Injinia akaketi, akachapa. Skrini ikaandika hodi haijasikika. Akajaribu neno lake la siri, akajaribu tarehe yake ya kuzaliwa. Jasho likaanza kuchora ramani kwenye lile shati. Dada alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe, na nakuambia ukweli kama alivyoniambia yeye mwenyewe, alikuwa anafurahia.

Matroni akainamia skrini, akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Si inataka hodi tu?"

Akanyoosha kidole kinene, akachapa herufi nne. Karibu ndani, ikasema mashine. Wenzake wakaangua kicheko, hata washonaji waliokuwa nyuma ya pazia la kujaribia wakasikika. Bwana Upepo akawa mwekundu masikioni, na ili kufuta aibu akamwamuru Fundi Mkuu akate upesi, vipande arobaini, wageni wasicheleweshwe.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Vitambaa vizito walizoea kuvipitishia kisu mara mbili, na neno la kurudia mstari lilikuwa "rudi", ambalo mzee alikuwa analiandika karibu kila siku. Kitambaa cha matroni kilikuwa laini mno, kisu kikirudi juu yake kitavuta nyuzi. Fundi Mkuu alilijua hilo kuliko sote. Kwa hiyo, kwa uangalifu wa mtu anayetazamwa na wageni, aliandika kila mstari na neno la kuonya: "usirudi".

Kisu kikaenda. Kikarudi. Kikaenda tena, kikarudi tena, na kila kikirudi nyuzi za kijani zilisimama ukingoni kama ndevu. Kwenye skrini, mashine ilikuwa inaandika usi, usi, usi, usi. Fundi Mkuu alidhani haijasikia, akaandika usirudi mara tatu mfululizo, nayo ikarudi mara tatu. Vipande kumi na kimoja vilikwisha kuchanika alipokumbuka kitufe chekundu na kukipiga ngumi.

Bwana Upepo hakumtazama mzee. Alimgeukia mpwa wake. Alisema mashine hii ni kazi yake, kila neno lililomo ameliweka yeye, amesifiwa kwa hilo mbele za watu, basi na leo mbele za watu akusanye vitu vyake.

Injinia akainuka. Alitazama ile skrini yenye usi tele, kisha akamtazama dada, na dada akaelewa kwamba kijana alikuwa amejua kwa siku nyingi. Hakumtaja. Alianza kukunja waya wa kompyuta yake taratibu, kama mtu anayelipia zile sifa alizopokea bure.

Dada anasema trei ilikuwa nzito ghafla. Aliiweka chini.

"Kosa ni langu," akasema. "Programu hiyo niliandika mimi. Hodi niliiweka mimi pia."

Bwana Upepo akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni, kama aliyeambiwa kwamba pazia ndilo lililoandika. "Na huyu je? Miezi hii yote alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapokea pongezi," dada akajibu.

Matroni akakohoa ndani ya leso.

Halafu dada akawaeleza, na nina hakika aliwaeleza kwa urefu uleule alionielezea mimi. Mashine aliifundisha "rudi". "Usirudi" hakuifundisha. Kwa hiyo kikata-maneno kilipokutana na u, na s, na i, ambazo hazimo katika kanuni yoyote, kilizitema kwenye skrini kama makapi na kuendelea na safari, mpaka kikakuta mbele yake "rudi" safi, imekaa peke yake, kikaitii. Hivyo ndivyo chombo kile kilivyo, usipokiambia masalia yafanywe nini, kinayapitisha tu. Yeye mwenyewe kiwandani, alipokutana na neno asilolijua, aliweka kalamu chini na kuuliza. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuruka neno. Na mashine hakuipa kanuni hiyo, kwa sababu alikuwa ameshughulika na kuifundisha hodi.

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo.

Akaomba kiti, na kwa mara ya kwanza Bwana Upepo akakisogeza badala ya kukichukua. Akaongeza "usirudi" kama neno kamili. Kisha chini kabisa ya karatasi akaweka kanuni ya masalia: herufi yoyote isiyo na mwenyewe, mashine isimame na iseme "Neno hili silijui." Akakipa chombo, chombo kikazalisha kikata-maneno kipya kabla chai ya matroni haijapoa. Wakajaribu kwenye kipande kilichobaki. Kisu kikaenda, kikainuka, kikanyamaza.

Matroni alikubali kuendelea na kazi, akasema hata vile vipande kumi na kimoja visitupwe. Vikipunguzwa kingo na kushonwa pindo vitatosha vitanda vya wodi ya watoto, ambavyo ni vifupi. Bwana Upepo akatoa hukumu. Nyuzi zilizochanika zitatolewa kwa mkono, moja moja, na watakaozitoa ni dada na Injinia, wameketi benchi moja. Na hilo neno la hodi liondolewe leo leo.

Liliondolewa. Lakini Fundi Mkuu na wenzake vidole vyao vilikuwa vimezoea, wakawa wanaanza kila agizo na hodi bila kufikiri, na mashine, ambayo sasa ilikuwa na ile kanuni ya masalia, inasimama na kusema haijui neno hilo. Ilisimama mara thelathini siku ya kwanza. Siku ya nne Bwana Upepo mwenyewe aliagiza lirudishwe, ila lisiwe sharti. Dada akaliandikia kanuni: ukilikuta, lisome, usifanye kitu. Tangu hapo naambiwa yule bwana hupunguza mwendo akifika mlangoni, ingawa bega bado analitumia.

Kutoa nyuzi kulichukua siku tisa. Siku mbili za kwanza hawakusemezana. Ya tatu Injinia alimwuliza ile karatasi ilikuwa na kurasa ngapi kweli, na alipojibiwa kwamba hazifiki mbili, aliuvuta uzi mpaka ukakatika. Akasema mistari yake elfu nne aliiandika kwa miezi saba na kila Jumapili aliota imepotea. Dada akamwambia ameitunza, iko pembeni, haijaguswa. Kijana akasema hapana, mama, iache ipotee. Akamwomba amfundishe.

Sasa anakuja kwetu Jumamosi, saa za wateja wangu wachache, wanakaa kwenye viti viwili vya saluni na kompyuta katikati. Matroni amewaomba lugha ndogo ya maagizo kwa ajili ya mashine za kufulia za hospitali, na Injinia ndiye anayeandika karatasi ya kanuni, yake ya kwanza. Wiki iliyopita alikuja na furaha, ameimaliza. Alikuwa ameweka kanuni ya "fua", ya "suuza" na ya "kamua". Juu ya hizo zote, alikuwa ameweka ya neno lolote lile, kwa ajili ya majina ya wodi. Wakaijaribu. Kila kitu kikawa jina la wodi. Fua ikawa wodi, suuza ikawa wodi, mashine haikufua hata soksi.

Kijana alitafuta kosa Jumamosi nzima. Aliomba ruhusa arudi Jumapili, akatafuta tena. Dada alikuwa anakunywa chai, anachungulia mara mojamoja, anasema "mm". Mimi nilikuwa namsuka mteja, na kwa miaka yote hii ya kuelezwa nilikuwa nimeshaliona: kanuni mbili zikilidai neno moja kwa urefu uleule, iliyoandikwa juu ndiyo inayolichukua. Ilibidi tu aishushe ile ya majina chini ya nyingine.

Alipotoka nje kupunga upepo, nilimwinamia dada nikamwuliza kwa nini asimwambie, mtoto wa watu amekwisha kuwa na macho mekundu.

"Anasoma maandishi yake mwenyewe bila kuyaogopa, kwa mara ya kwanza," akanijibu. "Nimkatize?"

Akamimina chai nyingine, akamimina na ya kijana, akaifunika na kisahani.